Chenga

Nilikinunua Mwembe Tayari, kwa Mbarak wa vyombo:
chuma cha vitumbua, mashimo saba,
kizito kama neno la shangazi,
kijivu, kinanata mafuta ya kiwandani
yanayonuka gereji.
"Hiki utamwachia mjukuu," akaniambia,
akakifunga kwa gazeti la juzi,
chenji yangu akaisahau.

Kipya kinyemi ingawa kidonda.
Nilikibeba kwapani hadi Majengo;
jua lilikuwa limekishika kabla yangu,
kikaniunguza ubavu njia nzima.

Kwanza maji ya moto na kumbi la nazi
na, mara hii moja tu, sabuni.
Nikasugua, maji yakatoka meusi.
Nikasugua, yakatoka ya majivu.
Nikasugua hadi chuma kikabaki uchi
na weusi wake umehamia kwenye kucha zangu.
Na usikiache kijikaukie:
geuka uitikie hodi mlangoni,
ukirudi kutu imeshakaa, imekunja miguu,
kama mgeni aliyekuja na mkeka wake.
Mara moja jikoni, juu ya makaa,
hadi tone la maji ukilitupa
liruke, lichezecheze, life.

Halafu mafuta ya nazi, haba,
kwa kipande cha leso
ambayo jina lake limefutika, limebaki *usini*.
Paka kila shimo.
Kisha futa kama aliyejuta kupaka.
Moshi ukapanda.
Mama Kadzo wa ghorofani akakohoa kwa makusudi,
akaanua shuka zake moja moja, polepole, nimwone.

Siku ya pili, machicha ya nazi mbili:
nikayakaanga humo hadi yakawa kahawa,
hadi yakawa makaa,
nikayamwaga uani.
Kuku wakaja, wakanitazama mimi, wakaondoka.

Siku ya tatu nikathubutu.
Mchele uliolala majini, tui zito, iliki,
hamira imeumuka hadi ikabisha kifuniko.
Nikamimina saba.
Saba zote zikanata.
Nikachokoa kwa kijiti, kwa uma, kwa ncha ya kisu;
vikatoka vipande, vikatoka matambara.

Nikampigia Zuwena wa Kisauni, dada yangu,
aliyerithi chuma cha mama,
kile cheusi, kinachong'aa kama jicho la ng'ombe,
ambacho nimekinunia miaka sita.
Sikumpigia kwa mapenzi.
Akacheka hadi simu ikakoroma.
Kisha akaniuliza, "Wakumbuka chenga?"

Nisikumbukeje?
Bakuli la bati, chenga za vitumbua,
sukari juu, kijiko kimoja, changu.
Nilikuwa na miaka minne,
nikidhani ni chakula chenye jina lake.
Hata baadaye, mkubwa, nikirudi shuleni na njaa:
"Mama, nipikie chenga."
Naye hunyamaza, huchochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Chuma kilikuwa kipya," akasema Zuwena.
"Kilimnatia Shaabani nzima.
Vizima vikitoka vitatu, vinne,
mimi nikivipeleka kuuza.
Wewe ukila vilivyokufa.
Usiku akikipaka mafuta huku akilia,
asema, hiki kitanizoea au nitakitupa baharini."

Sikuwa na la kujibu.
Kumbe weusi ule niliouonea wivu
nami niliulipia,
kijiko baada ya kijiko.

"Na sabuni usikionyeshe tena," akasema,
akakata simu, salio lake likimuuma.

Leo siku ya tisa.
Mashimo sita yameshanizoea:
nagusa ukingo kwa kijiti,
kitumbua chajigeuza
kama mtoto aliyelala akitafuta upande wa baridi.
La saba, lile la karibu na mpini, bado.
Silisukumi. Nalipaka, nalifuta, nalipa zamu yake.
Linachokataa kuachia nakikwangua bakulini,
natia sukari.

Swabra ameshafika na kijiko chake.
Hajauliza chaitwaje.
Kesho nitapita kwa Mbarak,
ana shilingi zangu hamsini.